Siku Niliyosafisha Wandindi ya Mzee Nyaga

Vijana wa ofisi ya Embu, siku mliyoniaga mliniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Mmoja wenu aliongeza kwamba nisianze na habari za vyeo, kwa sababu hakuna anayependa kusoma vyeo vya mtu mwingine. Nimekubali. Vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na cha pili nilikipata kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alihamia Nakuru. Nitaandika juu ya waya, juu ya kioo, na juu ya kosa moja nililolifanya kule Kibugu, ambalo hamjawahi kulisikia kwa sababu sikuliandika kwenye ripoti yoyote.

Nilianza kazi wakati simu ilikuwa waya wa shaba juu ya nguzo. Siku ya kwanza nilipelekwa Kanyakine, ambako ndiko kwetu, nikadhani ni bahati. Nguzo yenyewe ilikuwa mbele ya soko, na mama yangu alikuwa chini pale anauza ndizi. Kila nilipoegemea mkanda wa kupandia alinipigia kelele kwa Kimeru nishuke nikatafute kazi ya ualimu kama watoto wa watu wengine. Fundi aliyekuwa akinifundisha aliitwa Mutwiri, mtu mfupi, mwenye maneno machache kuliko meno. Alimwacha mama aseme mpaka achoke. Kisha akaniambia kwamba mama anaona miguu yangu ikitetemeka, na kwamba ikiacha kutetemeka atanyamaza. Niliacha, na kweli mama alinyamaza, ingawa hakunipa ndizi siku hiyo.

Mutwiri alikuwa na ugonjwa wa usafi. Kila kiungo cha waya alikifuta kabla hajakigusa, na akikufuma umekaza skrubu juu ya vumbi alikufungulisha ukaanza upya. Tulimcheka. Faiba ilipofika mkoani kwetu tukaacha kumcheka, maana faiba ni uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, mwanga unapita ndani yake, na chembe moja ya vumbi inatosha kunyamazisha tarafa nzima. Yeye alikuwa karibu kustaafu, lakini ndiye pekee aliyefuzu mafunzo ya kuunganisha bila kurudia. Alituletea sheria tatu. Futa kwa spiriti kabla ya kufanya chochote. Usikunje. Na kila kipande cha kioo unachokata kiingie kwenye chupa ya taka, na chupa hiyo isifunguliwe tena na mtu yeyote, kwa sababu vipande vile havionekani na vikiingia kwenye nyama havitoki.

Mwanga unaopotea njiani wenyewe mnauita losi. Mutwiri aliuita hasara. Ukikunja faiba kidogo tu, mwanga unavuja kwenye kona, na mashine ya kupimia inakuonyesha hasara imetokea wapi, kwa mita. Nimetumia miaka yangu mingi nikikimbiza hasara kati ya Runyenjes na Meru mjini: panya waliotafuna, matrekta yaliyochimbua, na mwenye shamba mmoja aliyeanikia nguo kwenye laini yetu. Naweza kusema niliichukia hasara kwa moyo wote. Mtu akifanya kazi moja muda mrefu hupata vitu vya kuchukia, na hicho kilikuwa changu.

Ndipo akaja Daktari Kinoti. Si daktari wa kutibu, ni wa fizikia, mwalimu katika chuo kimoja cha kule Meru. Alikuja ofisini kuomba mabaki ya faiba na mtu wa kuiunganisha, na mkubwa wetu, aliyependa kuonekana anasaidia elimu, akanitoa mimi siku mbili kwa wiki. Daktari alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka, aliyeacha vikombe vya chai juu ya kila kitu. Nilipomuuliza anataka faiba ipeleke nini na wapi, alisema haipeleki kitu popote. Anataka isikilize gitaa.

Nilifikiri ananitania. Lakini maelezo yake yalikuwa rahisi, nami nitawapa kama alivyonipa. Maiki ya kawaida inasikia hewa, kwa hiyo inasikia kila kilicho hewani: mvua, kuku, watu wanaokohoa. Tena waya wake unaokota mvumo wa umeme, na nyaya za umeme za huku kwetu mnazijua. Faiba haina shaba, umeme hauigusi. Ukiifunga kwenye mwili wa chombo cha muziki, chombo kikitetemeka kinaikunja faiba kidogo, mwanga unavuja kidogo, na kule mwisho kipokezi kinahesabu mwanga uliovuja na kuugeuza kuwa sauti. Kwa maneno mengine, ile hasara ndiyo muziki.

Niliifunga faiba kwenye gitaa la kwaya kwa uangalifu wa miaka yote. Niliifuta kwa spiriti, nikaipitisha bila kona, nikaiwekea sponji chini isiguswe na kitu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Daktari akapiga gitaa, tukasikiliza kwenye hedifoni, na hatukusikia hata tone. Alikagua kazi yangu, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Fundi, umeiweka vizuri mno," alisema. "Mimi nataka iumie kidogo."

Ilinichukua wiki mbili kujifunza kuiumiza. Mwishowe tuliibana katikati ya vipande viwili vya kitana, meno ya kimoja yakiingia kati ya meno ya kingine, ili chombo kikitikisika meno yaifinye. Vitana vyenyewe nilivinunua Makutano. Nilimwambia mama muuzaji nataka vyenye meno magumu. Aliangalia kichwa changu, ambacho hakijahitaji kitana tangu nioe, akanifungia viwili.

Tulijaribu gitaa, tukajaribu ngoma, tukajaribu filimbi, ambayo haikutupa chochote cha maana. Kisha mwalimu mmoja wa Kaaga, anayeitwa Wanja, akasikia habari zetu na kuja chuoni. Baba yake, Mzee Nyaga, aliishi Kibugu, juu karibu na msitu, katikati ya majani chai. Alikuwa mpigaji wa wandindi. Kama hamjaiona, wandindi ni fidla ya uzi mmoja: kijimzinga cha mti kilichowambwa ngozi, mti mrefu kama mkono, na upinde mdogo wa nyuzi za katani. Unaegemeza mzinga kifuani na kusugua upinde kwenye uzi. Mzee alikuwa ameiweka darini juu ya meko tangu mkewe azikwe, na sasa alikuwa karibu kiziwi, macho nayo yana ukungu. Mwalimu Wanja alisema baba amekubali kuipiga siku moja tu, irekodiwe, basi. Wajukuu wake hawajawahi kuisikia. Ndugu zake Wanja walimwambia mzee amechelewa, kwamba mikono yake inamwaga hata chai, na mzee alitaka kuwaonyesha kwamba bado.

Daktari alifurahi. Tulikwenda Kibugu na gari la chuo, na betri ya gari ndiyo ikawa umeme wetu. Mzee Nyaga alitupokea amevaa koti la kanisani. Aliishika wandindi kwa mikono miwili, akanipa, akasema ni safari ya kwanza mtu asiye wa nyumba hiyo kuishika. Akaenda kukaa jikoni kwa binti yake, anywe uji kwanza.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Wandindi ilikuwa na masizi ya miaka. Nikatoa spiriti na karatasi laini, nikafuta. Nilifuta mti, nikafuta uzi, na kwa sababu upinde nao ulikuwa unanata vidole, nikaufuta upinde. Kando ya mzinga, mahali pazuri kabisa pa kufunga vitana vyangu, palikuwa na donge la uchafu mweusi, gumu, kubwa kama punje ya mahindi. Nilililegeza kwa kisu na kulitumbukiza kwenye chupa ya taka pamoja na vipande vya kioo. Nikafunga vitana pale, nikavizungushia tepu nyeusi. Daktari alipita akasema wanafunzi wake wangekuwa safi kama mimi angelala usingizi. Nilimjibu kwamba usafi haufundishwi chuoni. Nilikuwa nikisema maneno hayo mwezi mzima.

Mzee akakaa kwenye kiti, akaegemeza mzinga kifuani. Kabla ya kuanza alipeleka upinde kando ya mzinga, mahali alipozoea, akausugua pale mara tatu bila kutazama. Ilikuwa juu ya tepu yangu. Kisha akauweka kwenye uzi na kuuvuta.

Hakukutoka sauti. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayepangusa meza. Akavuta tena, akakaza mkono, na mkono ukaanza kutetemeka. Alikuwa hasikii, lakini kifua chake kilimwambia. Alimtazama binti yake, na binti yake akatikisa kichwa polepole.

Hapo nikaelewa. Donge lile lilikuwa utomvu mkavu wa mti. Bila utomvu upinde unateleza, haushiki uzi, hata ungepewa malaika. Mimi ndiye niliyelitoa, na nikaosha hata utomvu uliobaki kwenye nyuzi. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu niseme. Lakini Daktari alikuwa amesimama hapo, na Mwalimu, na wana wawili wa mzee mlangoni, na mimi ndiye fundi msafi. Nikainama nikajifanya naangalia betri.

Mzee Nyaga aliiweka wandindi mapajani. "Mkono imekufa," alisema kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Wamesema na ni kweli. Daktari, chukua hii kitu, weka huko kwenu kwa shule. Hapa haina mwenyewe."

Daktari alijaribu kumtuliza, Mwalimu akajaribu, lakini hakuwasikia, au hakutaka. Kijana wake mmoja mlangoni alisema walijua tu itakuwa hivyo. Tukaondoka na wandindi. Daktari aliitundika ofisini kwake, kwenye msumari juu ya vikombe.

Nilinyamaza siku nane. Nazitaja kwa sababu nilizihesabu. Nilirudi kwenye kazi ya laini, nikaunganisha kebo kule Kanyakine kwa hasara ndogo kuliko ya mtu yeyote mwezi ule, na haikunifurahisha. Niliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni mbaya kwa sababu hakuna wa kukuchapa ikaisha. Siku ya nane nilimweleza mke wangu, Kathure. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliniuliza kitu kimoja tu: mzee anajua? Nikasema hapana. Akaniambia kwa hiyo huyo baba ya watu amekaa wiki nzima akiuangalia mkono wake.

Kesho yake nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote. Nilitarajia anikemee. Alifungua daftari la majaribio, akatafuta ukurasa wa Kibugu, na pale alipoandika kwamba mpigaji amezeeka, akafuta na kuandika: hitilafu, fundi. Kisha akaniuliza kwa nini nisirudishe donge lenyewe. Nikamwonyesha chupa. Lilikuwa humo ndani, linaonekana vizuri, limejaa vipande vya kioo kama sukari juu ya mandazi. Upinde ukiguswa na lile, na vidole vya mzee vikiguswa na upinde, tungemfanyia kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Sheria ya tatu ya Mutwiri ilibaki pale pale. Daktari akaishusha wandindi kutoka kwenye msumari na kunikabidhi.

Utomvu wa namna ile hautoki Kibugu, kule kuna baridi. Unatoka chini, kwenye ukame wa Mbeere. Niliteremka mpaka Siakago nikauliza sokoni, nikatumwa kwa mama mmoja anayeuza dawa za mitishamba. Nilipomwambia ni wa wandindi alinipa vipande vinne, akachukua kimoja mkononi mwangu akakinusa, akakibadilisha, akisema kile cha kwanza ni cha kufukiza nyoka. Nikapanda Kibugu peke yangu.

Mzee Nyaga alikuwa anachuma majani chai nyuma ya nyumba, polepole, kikapu mgongoni. Mwalimu Wanja alikuwa nyumbani, shule zilikuwa zimefungwa, na ilikuwa heri, kwa sababu ilibidi maneno yangu arudie sikioni mwa baba yake kwa Kiembu. Nilisema mkono wake haukufa. Nilisema mimi ndiye niliyeua upinde, kwamba nilidhani ule utomvu ni uchafu, na kwamba niliona kosa langu siku ile ile nikanyamaza. Mwalimu alipofika hapo pa kunyamaza alisita, akanitazama kwanza, kisha akatafsiri.

Mzee alitua kikapu. Akaangalia mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufunga.

"Nimemwagia huu mkono maneno mengi," alisema. "Wiki nzima. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe."

"Uliosha na nini?"

"Spiriti."

Akamgeukia binti yake, akasema jambo kwa Kiembu ambalo Mwalimu hakulitafsiri, lakini lilimfanya azibe mdomo kwa leso. Kisha mzee akachukua utomvu mkononi mwangu, akaunusa, akaniambia nimwagize Daktari aje Jumamosi. Akaongeza kwamba nisibebe ile chupa ya spiriti. Niliibeba, maana faiba ni faiba, lakini niliiacha ndani ya gari.

Jumamosi ilinyesha. Mnaijua mvua ya Kibugu juu ya mabati: mtu na mtu hawasikizani wakiwa kiti kwa kiti. Daktari alisema tungeleta maiki ya kawaida tungerudi mikono mitupu. Safari hii vitana nilivifunga upande wa pili wa mzinga, na mzee mwenyewe ndiye aliyeyeyusha utomvu kwa kijinga cha moto na kuubandika mahali pake pa zamani. Nilishika taa tu. Wajukuu waliketi chini, wana wake wawili wakasimama mlangoni kama mara ya kwanza, mikono wameifungia kifuani.

Alisugua upinde mara tatu kwenye donge. Akauweka kwenye uzi, akavuta. Chumbani hatukusikia kitu, mvua ilikuwa imetumeza. Tuliona mkono tu unakwenda na kurudi. Wana wake walitazamana.

Mimi nilikuwa na hedifoni. Humo ndani mvua haikuwepo. Palikuwa na uzi mmoja unaolia, mkavu, wenye nguvu, unapanda na kushuka bila kujikwaa, na mkono uliomwaga chai haukuwa na habari na kutetemeka. Chini ya uzi palikuwa na kitu kingine, kinene, nikadhani ni hitilafu. Nikakagua betri, kweli safari hii. Haikuwa betri. Mzinga ulikuwa umeegemea kifua chake, na kifua kilikuwa kinaimba. Mdomo ulikuwa umefungwa kabisa. Sidhani alijua. Daktari baadaye katika maandishi yake aliiita kelele ya mwili na akaichuja, nami nikahifadhi nakala isiyochujwa, ndiyo aliyonayo Mwalimu.

Mwalimu Wanja alinivuta shati. Nilisoma midomo yake: anapiga? Nilivua hedifoni nikamvalisha. Alisikiliza, akatazama mdomo wa baba yake, akatazama vitana vyangu. Aliniambia siku nyingine kwamba baba hakuwa ameimba tangu mazishi ya mama, hata kanisani hushika tu kitabu, na kwamba ule ulikuwa wimbo ambao mama aliuimba akitwanga mtama. Pale pale alikaa sakafuni kati ya watoto na hedifoni yake, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Na mimi yalinitoka, niandike nini.

Mzee alipofika mwisho aliinua upinde. Alimwona binti yake analia, na kwa macho yale yenye ukungu hakuweza kujua ni kilio cha namna gani. Uso wake ukabadilika. Akanigeukia mimi.

"Fundi, mkono iko?"

Nilijibu, na hakusikia. Nikasogea, nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaweka mdomo sikioni mwake. Wana wake walikuwa mlangoni, Daktari alikuwa pale, na mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu zake zote. Nikapaza sauti niliyokuwa nayo.

"Iko, Mzee! Mkono iko!"

Nilirudia mara tatu kabla hajanisikia. Kisha akasugua upinde kwenye donge, akaanza wimbo ule tangu mwanzo.